Shauri la Kibao Kisichoonekana

Fundi miwani hakuwa mtu wa kushindwa kwa maandishi. Kwa mdomo alishindwa mara nyingi, hasa na mkewe, lakini ukimpa kalamu na karatasi nyeupe umechokoza nyuki. Aliwahi kuiandikia kampuni ya maji barua saba mpaka wakaja kuhamisha bomba lililokuwa likivuja mlangoni pake. Aliwahi kumrudishia fundi cherehani suruali pamoja na maelezo ya kurasa mbili. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alimbatiza jina la Mzee Rufaa, na fundi badala ya kukasirika alilipokea kama cheo.

Kwa hiyo anapoisimulia habari hii, na huisimulia mwenyewe, tena mbele za watu, huanza kwa kusema: "Msimlaumu askari. Wala msiilaumu barabara. Mjinga nilikuwa mimi, na ujinga wenyewe niliuandika vizuri, kwa wino mweusi, nakala tatu."

Mambo yalianza na chai. Shemeji huyo alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa la zizi lake akavunjika mguu, na Jumapili moja fundi na mkewe wakafunga safari kwenda shamba kumjulia hali, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Mgonjwa alikuwa na maneno mengi na birika kubwa. Kila fundi alipoaga, alimiminiwa kikombe kingine.

"Kunywa, shemeji, maziwa ni ya hapa hapa."

Nani anakataa kitu ukweni? Alikunywa vikombe vinne. Mkewe alipomwona anapokea cha nne, alisema taratibu, "Baba, njia ni ndefu." Fundi akamjibu kwamba yeye si mtoto.

Dakika arobaini baadaye alikuwa mtoto.

Barabara ya kutoka shamba ilikuwa nyembamba, imepindapinda kama utumbo, na fundi alikuwa ameacha kuzungumza. Magoti aliyabana, usukani aliushika kwa mikono miwili, macho yalitafuta kichaka chenye heshima. Kichaka cha kwanza kilikuwa na bibi anachunga mbuzi. Cha pili kilikuwa na wasichana waliotua ndoo zao wapumzike. Cha tatu kilikuwa kifupi, kingemsitiri mpaka magotini tu. Baada ya daraja dogo, penye kona, akapita kichaka kinene ambacho hakikuwa na mtu wala mbuzi. Akafunga breki, gari likasimama mbele kidogo, magurudumu mawili kwenye majani na mawili kwenye lami.

"Nakwenda kuchimba dawa," alisema.

"Hapa?" mkewe akauliza. "Kwenye kona?"

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Fundi alirudi nyuma hatua kama kumi na tano, mbio za mtu anayejifanya hakimbii. Akagundua kwamba kichaka kile kilikuwa cha miiba, na yeye amevaa koti lake la kijivu, lile la kuendea ukweni. Akalivua. Kando ya majani palikuwa na nguzo ya chuma yenye kichwa kipana, kitu kizuri kabisa cha kutundikia koti. Akalitundika, mabega yakakaa sawasawa, akapiga mbizi kichakani. Mpaka leo anakumbuka alivyofurahi, hata katika dhiki ile, kwamba koti limekaa bila kukunjika.

Aliporudi amekuwa mtu mpya, mwepesi, anataka hata kupiga mluzi, alimkuta askari wa barabarani amesimama karibu na gari. Alikuwa askari wa kike, kijana, pikipiki yake ameiegemeza kwenye ukingo wa daraja, na tayari alikuwa anaandika.

"Gari hili ni lako, mzee?"

"Ni langu, afande. Kuna tatizo gani?"

"Umeegesha pasiporuhusiwa. Hii ni kona, na malori ya mchanga yanapita hapa mchana kutwa. Mwaka jana moja lilibeba gari zima likalitia mtoni. Ndiyo maana pamewekwa kibao."

"Kibao?" Fundi alijinyoosha. Mtu ambaye ametoka kupata nafuu ya mwili huwa na ujasiri mwingi. "Kiko wapi hicho kibao?"

Askari alinyoosha kalamu nyuma, upande wa kichaka. Fundi akaifuata kwa macho, taratibu, kama anavyowafundisha wateja wake kufuata ncha ya kalamu wanapopimwa.

"Naona majani," akasema. "Na koti langu. Zaidi ya hapo sioni kitu, na kuona ndiyo kazi yangu, afande. Mimi ni fundi miwani, mwaka wa thelathini na moja."

Askari alimtazama, akalitazama koti, akamtazama tena. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kama anataniwa au anatukanwa. Akachana karatasi ya faini, akampa.

"Basi ndipo hapo hapo ulipoona koti," alisema. "Usiporidhika, siku ya kwenda mahakamani imeandikwa nyuma."

Akapanda pikipiki yake akaondoka.

Usiporidhika! Neno hilo lilimwingia fundi kama sindano. Akatoa simu akaanza kukusanya ushahidi. Alirudi nyuma mpaka darajani, akasimama kama dereva anayekuja, akapiga picha tisa: barabara, majani, gari, kona, mbingu. Kisha akarudi garini kwa hatua ndefu za hasira, akapita kando ya koti lake bila kulikumbuka, akaketi kuzikagua picha moja moja. Hakuna kibao. Kwenye picha zote tisa, hakuna kibao.

Mkewe ndiye aliyeteremka kumchukulia koti. Alikawia kidogo pale kwenye nguzo. Fundi alimwona kwenye kioo cha nyuma amesimama na koti mkononi, mkono wa pili ameufunika mdomoni, mabega yanamtikisika.

"Baba!" aliita. "Hebu shuka uje uone."

"Nimeshaona ya kutosha. Panda twende!"

Njiani alijaribu tena. "Nilitaka kukwambia kuhusu lile koti…"

"Koti liache, litapigwa pasi. Hapa tunazungumza haki."

Na usiku ule mezani, fundi akiwa ameshaanza kuandika pembeni ya sahani, mama wa watu alijaribu mara ya tatu. "Sikiliza, Baba. Kile kibao…"

"Hakuna kibao! Hiyo ndiyo hoja yenyewe!" Fundi akagonga meza kwa kijiko. "Mambo ya sheria niachie mimi."

Mkewe alikusanya sahani. "Haya," alisema akielekea jikoni. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Fundi aliona maneno hayo yanafaa sana. Akayaandika kwenye utetezi wake, ukurasa wa kwanza.

Utetezi huo ulimchukua wiki tatu. Aliuandika dukani, kwenye meza ya kazi, kati ya mashine ya kusugulia lenzi na sanduku la skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Wateja walikuja kupimwa, wakaketi mbele ya ubao wa herufi kubwa na ndogo, na kabla hawajafika mstari wa tatu walikuwa wameshasomewa Sehemu ya Pili, Wajibu wa Mamlaka Kuweka Alama Zinazoonekana. Mhasibu mmoja aliyekuja kubadilishiwa fremu aliondoka na fremu ile ile ya zamani. Alisema ana haraka. Shemeji naye alipigiwa simu akiwa kitandani, mguu umefungwa plasta, akasomewa kurasa nne mfululizo.

"Mzee Rufaa," shemeji alisema mwishoni, "hivi faini yenyewe si ndogo kuliko mafuta ya kwenda na kurudi mahakamani?"

"Siyo suala la fedha, shemeji."

"Najua. Ingekuwa la fedha ungeshalipa."

Kurasa zilifika kumi na moja. Picha bora kati ya zile tisa aliipeleka ikakuzwa ukubwa wa kalenda ya ukutani. Kilichobaki ni shahidi, na shahidi aliyekuwepo ni mmoja tu. Akayaandika Maelezo ya Shahidi wa Kwanza kwa herufi ndogo ndogo ili yatoshe ukurasa mmoja, akampelekea mkewe barazani.

Mkewe alikuwa na biashara yake ya miche ya maua, na saa ile alikuwa anajaza udongo kwenye mifuko. Akajifuta mikono, akaipokea karatasi. Akaisogeza mbali mpaka mkono ukaisha, akaivuta karibu, akaisogeza mbali tena.

"Nisome yote haya?"

"Huna haja, ni yale yale tunayoyajua. Weka saini hapa chini."

Akaweka saini.

Siku ya shauri waliondoka alfajiri. Mahakama ilikuwa jengo la chumba kimoja kikubwa kwenye mji mdogo kule kule shamba, ukuta wa kijani mpaka kiunoni na mweupe juu yake, feni moja inayozunguka kwa kusitasita, mafaili yaliyofungwa kwa kamba yamerundikwa mpaka dirishani. Benchi zilijaa. Kulikuwa na mtu ambaye mbuzi wake walikula kabichi za jirani, na jirani mwenyewe, na ndugu wa pande zote mbili. Yule askari wa kike aliketi mbele, kofia mapajani.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mchovu wa macho. Jambo la kwanza ambalo fundi alilitambua, kabla hata hajaitwa, ni kwamba miwani ya hakimu ilikuwa imelegea. Mkono wa kushoto wa fremu uliyumba, na kila alipoinama miwani iliteleza mpaka nchani mwa pua. Fundi aliumia. Kuona miwani imekaa vile kwake ilikuwa kama mpishi kuona sufuria inaungua.

Shauri likaitwa. Karani alisoma kosa. Fundi alisimama, akakohoa, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Mheshimiwa Hakimu, wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini je, mwenye macho atazame nini, iwapo…"

"Kurasa ngapi hizo?" hakimu aliuliza.

"Kumi na moja, Mheshimiwa. Bila viambatisho."

Benchi la watu wa mbuzi liliguna.

"Nieleze kwa maneno yako. Umeandikiwa kosa la kuegesha mahali pasiporuhusiwa. Unakubali ulisimama pale?"

"Nakubali, Mheshimiwa. Kwa sababu ya dharura ya kiufundi."

"Gari liliharibika?"

"Hapana. Gari lilikuwa zima."

"Sasa nani alikuwa mbovu?"

Fundi aliangalia karatasi zake. Katika kurasa zote kumi na moja hakuwa ameandika popote jibu la swali hilo. "Nilikwenda kuchimba dawa," alisema kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, karani aandike."

"Nilikwenda kuchimba dawa!"

Karani aliandika. Mtu wa kabichi alitaka kucheka akajizuia. Fundi, masikio yakimwaka, akaruka Sehemu ya Pili, ya Tatu na ya Nne, akakimbilia silaha yake kubwa. Aliikunjua ile picha akaiinua kwa mikono miwili, kwanza kwa hakimu, halafu kwa umma.

"Mheshimiwa, hii ndiyo sehemu yenyewe, dakika tano baada ya kuandikiwa faini. Kama kuna mtu humu ndani anayeona kibao kwenye picha hii, na aseme!"

Hakuna aliyesema. Fundi aliuacha ukimya ule ukae, akafaidi. Picha ikapelekwa mbele. Hakimu aliinama kuitazama, miwani ikateleza, akaipandisha, ikateleza tena.

Hapo ndipo fundi alipojimaliza kwa mikono yake. Hakuna aliyemwomba.

"Samahani, Mheshimiwa. Hiyo ni skrubu tu. Ukiniruhusu, ni nusu dakika."

Hakimu alimtazama, akasita, kisha akaivua akampa karani amletee. Fundi akatoa mfukoni kibisibisi chake kidogo, ambacho hakiachi hata akienda msibani. Akakaza skrubu ya kushoto, akakagua ya kulia, akanyoosha mikono ya fremu, akafuta lenzi kwa kitambaa laini mpaka zikang'aa. Watu wote walikuwa wanamwangalia, na yeye alijua wanamwangalia. Hakimu aliivaa, akatikisa kichwa huku na huku. Ikatulia.

"Karani, andika kwamba mahakama haikupokea chochote isipokuwa skrubu kukazwa." Akainama tena juu ya picha. Safari hii alikaa muda mrefu.

"Hili ni nini?"

"Hilo ni koti langu, Mheshimiwa."

"Limetundikwa wapi?"

"Kwenye nguzo."

"Nguzo ya nini?"

Fundi alifungua mdomo. Wiki tatu alikuwa ameitazama picha ile. Aliyajua majani yake jani kwa jani. Swali hilo hakuwahi kujiuliza.

"Nguzo tu, Mheshimiwa."

"Nguzo tu. Imeota yenyewe porini."

"Inawezekana… iliachwa na mafundi wa umeme."

"Fupi namna hii? Na juu ina kitu cha duara, naona mabega ya koti yamekaa kama kwenye sinia." Hakimu alimgeukia askari. "Afande, wewe unasemaje?"

Askari alisimama. "Kibao kipo, Mheshimiwa, kiko chini ya koti. Nilimwonyesha kwa kalamu. Akaniambia anaona koti lake tu. Nikadhani ananitania."

Mtu mwenye busara angeomba radhi hapo, akalipa, akaenda zake. Lakini fundi alikuwa amebakiwa na shahidi, na shahidi alikuwa ameandikiwa maelezo mazuri.

"Mheshimiwa! Haya ni maneno ya upande mmoja. Namwita shahidi wangu, aliyekuwepo mwanzo mpaka mwisho. Mke wangu."

Mkewe alipita mbele kwa utulivu, ushungi ameutengeneza vizuri, akaapa kusema kweli. Fundi alimkaribia kama alivyofikiri mawakili hukaribia mashahidi, kidole kimoja kwenye kola.

"Ieleze mahakama. Siku ile, pale barabarani, ulikiona kibao chochote?"

"Nilikiona," mkewe alisema.

"Ulikio…" Kidole kilimtoka kwenye kola. "Ulikiona lini?"

"Nilipokwenda kukutolea koti lako. Nilipolitoa, kibao hicho hapo. Kina mstari mwekundu, kikubwa kabisa, kimepakwa rangi mpya."

Kicheko kilianzia kwa mtu wa mbuzi, kikaruka kwa mtu wa kabichi, na watu hao, ambao asubuhi ile walikuwa hawasalimiani, wakajikuta wameshikana mabega. Hata feni ilionekana kuongeza mwendo. Hakimu aligonga meza mara mbili.

"Lakini umesaini!" Fundi alichakura kwenye karatasi zake. "Hapa! 'Mimi Shahidi wa Kwanza nilitazama pande zote nne na sikuona kibao cha aina yoyote.' Hii saini ya nani?"

"Ni yangu."

"Mama," hakimu aliingilia, sauti imekuwa kavu, "ulisaini jambo ambalo si kweli?"

"Nilisaini bila kusoma, Mheshimiwa. Na hapo nimekosa, nisamehewe au nisisamehewe. Lakini herufi za mume wangu ni ndogo, na mimi vitu vya karibu sivioni. Ni mwaka wa pili huu."

"Huoni? Na mumeo si ni…" Hakimu aliigusa miwani yake mwenyewe, ile iliyokazwa skrubu dakika kumi zilizopita. Hakumalizia.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimemwomba mara nyingi. Huniambia kesho."

Safari hii hakuna aliyecheka mara moja. Kila mtu alimtazama fundi, halafu mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, si kwa ubaya, bali kama mtu anayetoa taarifa: "Ama kweli, mganga hajigangi." Ukumbi ukalipuka.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya chumba kile, kurasa kumi na moja mkononi, kibisibisi mfukoni. Anasema alitafuta hasira ndani yake, maana aliizoea, ingemsaidia kusimama wima. Hakuipata. Alichokikuta ni sura yake mwenyewe ilivyokuwa pale darajani, akipiga picha tisa za koti lake kwa ajili ya kuthibitisha kwamba haoni. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kama chafya. Kisha akacheka mpaka karani akamletea kiti.

"Mheshimiwa," alisema alipoweza kusema, "naomba kuondoa utetezi."

"Wote? Pamoja na viambatisho?"

"Wote."

Hakimu aliandika. Faini ilibaki ile ile. "Kuna kosa lingine," aliongeza bila kuinua uso, "la kufunika alama ya barabarani, na hilo ni zito zaidi. Afande hakulishtaki, nami sitamkumbusha. Na karatasi hiyo ya shahidi ichanwe hapa hapa, nikiona." Fundi aliichana vipande vinane. "Nenda kalipe kwa karani. Na asante kwa miwani. Kwa kweli sasa naona vizuri sana."

Nje, askari aliwafuata mpaka kwenye gari kumpa fundi kalamu aliyoisahau. Fundi akamwomba radhi, akamwambia kwamba siku ile hakumtania, bahati mbaya alikuwa anasema kweli kabisa. Askari alijitahidi kubaki na uso wa kazi. Alifika mpaka kwenye pikipiki yake, kisha akashindwa.

Wakaanza safari ya kurudi. Walipita daraja, wakapita kona. Kibao kilikuwa pale, chekundu, cha duara, kinaonekana kutoka mbali kama jua linalozama. Fundi alipunguza mwendo akakipa heshima yake kwa kukiinamishia kichwa. Mkewe alitazama dirishani, mabega yanamtikisika tena.

"Kwa nini hukuniambia?" fundi aliuliza.

"Nilikwambia mara tatu."

Alizihesabu kimoyomoyo. Zilikuwa tatu kweli. "Ungeniambia mara ya nne."

"Ningekwambia. Lakini nikasema, acha aende akasikie kwa mtu mwingine. Labda wa mahakamani ana sauti nzuri kuliko yangu." Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililomchoma fundi. Angesema kwa uchungu, angepata la kujibu.

Wakaenda kilomita kadhaa. Lori la mchanga likawapita kwa kishindo, gari lao dogo likatikisika.

"Kuna mengine?" aliuliza. "Uliyoniambia na mimi sikuyasikia?"

"Yapo."

"Nitajie."

"Wewe unaendesha, na hayo ni mengi." Mkewe alifikiri kidogo. "Basi chukua hili moja. Unakumbuka ile miche mia moja ya waridi aliyoinunua yule mwalimu mkuu kwa ajili ya shule yake? Imechanua nyanya."

"Nyanya?"

"Sikuweza kusoma pakiti ya mbegu. Nikabahatisha. Kwa kuwa ilikuwa bado midogo, na yeye naye haoni vizuri, akachukua. Siku hizi ananipita sokoni kama hanijui."

Fundi alitaka kucheka, akaona si mahali pake. Kisha mkewe akacheka kwanza, naye akapata ruhusa, na gari likapepesuka kidogo barabarani.

Kesho yake asubuhi, mlango wa duka la miwani ulikuwa na karatasi inayosema pamefungwa mpaka saa sita. Ndani, mke wa fundi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, kile chenye kuzunguka, ambacho kwa miaka yote alikuwa amekifuta vumbi lakini hakuwahi kukikalia. Fundi alivaa koti jeupe la kazi. Alimpima jicho la kulia, akampima la kushoto, akabadilisha lenzi moja baada ya nyingine, akiuliza kwa adabu aliyoiweka siku zote kwa ajili ya wageni: hii au hii? Ya kwanza au ya pili? Mkewe alijibu bila haraka. Mara moja alisema "hata moja," na fundi, ambaye wateja wakisema hivyo huwabishia, alirudi sandukuni akatafuta nyingine.

Fremu alichagua mkewe mwenyewe. Alipita zile za bei nafuu bila kuzigusa, akazipita za katikati, akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo, kwenye fremu nyekundu nyembamba ambayo fundi aliiweka pale kwa ajili ya kupamba duka tu, maana hakuna aliyewahi kuimudu. Fundi alifungua kabati.

Lenzi alizisugua siku hiyo hiyo. Mashine ililia, vumbi jeupe likamjaa kwenye nyusi, na mchana zilikuwa tayari. Akamvalisha mwenyewe, akaikunja mikono ya fremu nyuma ya masikio kidogo kidogo mpaka ikakaa bila kubana. Kisha akachukua kadi ya kusomea ili amjaribu.

Mkewe hakuitazama kadi. Alikuwa anamtazama yeye, uso kwa uso, umbali wa kiganja kimoja, kwa makini, kama mtu anayesoma tangazo refu.

"Mh," alisema. "Kumbe umezeeka hivi?"

"Tangu lini unadhani?"

"Mimi nilikuwa nakuona kijana." Akamshika kidevu akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Na hapa chini ya shavu umeruka kunyoa. Siku nyingi sana, Baba, umekuwa unaruka hapa."